Tundu la Boksi la Umeme Ukutani: Kagua Kabla Lipu Haijafunika

Somo kwa wamiliki na wajenzi wa nyumba za matofali

UTANGULIZI

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, nyumba nyingi za kudumu hujengwa kwa matofali ya kuchoma. Udongo huchimbwa karibu na kiwanja, matofali hufyatuliwa, hukaushwa na kuchomwa katika tanuri la kuni, kisha hujengwa kwa udongo wa kawaida au kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga. Mwananchi wa Kata ya Titye, Wilaya ya Kasulu, mara nyingi hajengi kwa mkupuo mmoja. Mavuno ya mwaka huu hutoa msingi, ya mwakani huinua kuta, na bati hufuata fedha inapopatikana. Umeme huja mwishoni, pengine miaka kadhaa baada ya tofali la kwanza kuwekwa.

Kwa muda mrefu miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 ukanda huo uliunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi, na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imeendelea kufikisha nguzo na nyaya katika vijiji. Hivyo wamiliki wengi wa nyumba wanamwita fundi umeme kwa mara ya kwanza, na kazi ya kwanza ya fundi huyo ni kukata ukuta.

Kazi hiyo huonekana ndogo. Fundi huchora mraba, hushika tindo na nyundo, na baada ya dakika chache tundu limepatikana. Hata hivyo, ukuta uliojengwa kwa jasho la misimu mitatu unaweza kudhoofishwa kwa siku moja. Tundu lililokatwa vibaya huacha boksi linalocheza, soketi inayong'oka, lipu inayopasuka na waya uliofichwa mahali ambapo hakuna anayeutarajia. Mara lipu inapopigwa, makosa hayo yote hutoweka machoni.

Ndiyo maana somo hili lina ujumbe mmoja mkuu: wakati wa mtumiaji kukagua kazi ni kabla ya lipu kufunika, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya ukaguzi huo.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
(a) kueleza ni kiasi gani cha ukuta kinachoweza kukatwa bila kuudhoofisha;
(b) kukokotoa kina cha tundu la boksi kwa kutumia futi ya kawaida;
(c) kutambua mahali pasipofaa kukatwa;
(d) kukagua kazi na kudai marekebisho kabla ya kukamilisha malipo.

1. BOKSI NA TUNDU LAKE

Boksi ni kikopo cha chuma au cha plastiki kinachozamishwa ukutani ili kubeba swichi au soketi. Madukani boksi la kifaa kimoja huitwa "tatu kwa tatu" na la soketi pacha huitwa "tatu kwa sita", kwa maana ya inchi. Kina chake hutofautiana. Yako maboksi ya milimita 25, ya milimita 35 na ya milimita 47. Boksi refu zaidi kwenda ndani linafaa panapokuwa na nyaya nene, kama za jiko la umeme.

Boksi lina kazi tatu. Kwanza, hushikilia kifaa kisichezecheze kila plagi inapochomekwa na kuchomolewa. Pili, hutenga maungio ya nyaya na ukuta, vumbi na unyevu. Tatu, iwapo ungio litalegea na kupata joto, boksi huzuia joto hilo lisifikie vitu vinavyowaka upesi. Soketi iliyofungwa moja kwa moja kwenye lipu, bila boksi, haina hata moja ya kinga hizo.

Kwa kawaida nyaya hushuka kutoka darini ndani ya bomba la plastiki la milimita 20. Bomba hilo hulazwa katika mfereji uliokatwa ukutani, nao mfereji huishia kwenye tundu la boksi. Kwa hiyo tunapozungumzia kukata ukuta tunazungumzia mambo mawili: tundu na mfereji.

2. UKUTA HUBEBA NINI, NA UKATWE KIASI GANI

Ukuta hubeba uzito wa paa, wa linta na wa matofali yake wenyewe. Uzito huo hushuka kutoka kozi moja ya matofali hadi nyingine mpaka kwenye msingi. Mfereji wa wima huondoa ukanda mwembamba tu wa njia hiyo, na uzito hupita pembeni yake. Mfereji wa mlalo ni jambo jingine kabisa. Hukata kozi nzima, ukapunguza upana wa ukuta mahali ambapo uzito wote wa juu hauna budi kupita. Ukuta mwembamba uliokatwa mlalo kwa urefu wa chumba huwa kama muhindi uliotafunwa upande mmoja: umesimama, lakini haukosi kuegemea.

Kanuni za ujenzi za Uingereza zinaweka mipaka ambayo ni rahisi kukumbukwa. Mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Unene unaopimwa ni wa tofali au bloku peke yake, bila lipu. Kwa kuta zinazojengwa zaidi nchini, mipaka hiyo ni kama ifuatavyo:

Ukuta wa inchi 9 (milimita 225): wima usizidi milimita 75, mlalo usizidi milimita 37.
Ukuta wa inchi 6 (milimita 150): wima usizidi milimita 50, mlalo usizidi milimita 25.
Ukuta wa inchi 5 (milimita 125): wima usizidi milimita 41, mlalo usizidi milimita 20.
Ukuta wa inchi 4 na nusu (milimita 112): wima usizidi milimita 37, mlalo usizidi milimita 18.

Tazama mstari wa mwisho. Bomba la milimita 20 haliwezi kulazwa mlalo katika ukuta wa inchi nne na nusu bila kuvuka mpaka. Kwa mwenye nyumba ya ukuta wa aina hiyo, kanuni inakuwa fupi: mabomba yote yashuke wima kutoka darini, na hakuna mfereji wa mlalo.

Mipaka hii inachukulia kuwa ukuta ni mzima na umejengwa vizuri. Matofali ya kuchoma ya kijijini hayana kipimo kimoja wala uimara mmoja. Yaliyokaa katikati ya tanuri huiva kuliko ya pembeni. Vilevile, ukuta uliojengwa kwa udongo haushikani kama uliojengwa kwa saruji, na pigo zito la nyundo linaweza kulegeza tofali la pili na la tatu kutoka pale linapopigwa. Kwa sababu hiyo, pima ukuta wako mwenyewe, na uichukulie mipaka hii kuwa upeo usiovukwa, wala si shabaha ya kufikiwa.

Kuna sababu nyingine ya kutochezea kuta katika ukanda huu. Mikoa ya magharibi imo katika Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi za matofali. Ukuta uliokatwa ovyo hukutana na mtikisiko ukiwa tayari umepunguziwa nguvu.

3. KINA CHA TUNDU: HESABU YA MTUMIAJI

Kosa linalojirudia ni fundi kuzamisha boksi lote ndani ya tofali akasahau kuwa lipu bado haijapigwa. Lipu inapokuja, boksi hubaki shimoni. Skrubu hazifiki, kifuniko kinaning'inia, na mwisho fundi hulazimika kubomoa au kuunga kwa njia zisizo salama. Kosa la upande wa pili ni boksi kutokeza nje ya lipu, soketi ikabaki na mwanya unaoruhusu wadudu, vumbi na vidole vya watoto.

Uso wa boksi unatakiwa kulingana na uso wa lipu iliyokamilika. Kwa hiyo hesabu ni hii:

Kina cha tundu katika tofali = kina cha boksi, toa unene wa lipu, jumlisha nafasi ya kulipachika.

Tuchukue mfano. Boksi lina kina cha milimita 35. Mwashi amesema lipu itakuwa ya milimita 15. Nafasi ya mchanganyiko wa kupachikia nyuma ya boksi ni milimita 5. Kina cha tundu ni 35 - 15 + 5, yaani milimita 25. Fundi asiyehesabu lipu angekata 35 + 5, yaani milimita 40.

Tofauti ya milimita 15 si ndogo. Mipaka ya sehemu ya 2 imewekwa kwa ajili ya mifereji, lakini ni busara kuitumia pia kwa matundu. Katika ukuta wa inchi nne na nusu, ambao mpaka wake wa wima ni milimita 37, tundu la milimita 25 liko salama ilhali la milimita 40 limevuka. Na ikiwa vyumba viwili vimewekewa maboksi yanayopeana mgongo mahali pamoja, matundu mawili ya milimita 40 huacha tofali lenye unene wa milimita 32 tu, takriban upana wa vidole viwili. Sauti, vumbi na mwanga vitapita, na pigo moja la nyundo laweza kutoboa kabisa. Maboksi ya vyumba viwili yapishane angalau kwa urefu wa tofali moja.

Ili hesabu hii iwezekane, unene wa lipu sharti ujulikane kabla ya kukata. Mwashi aombwe kubandika vipande vidogo vya mchanganyiko wa saruji ukutani, vilivyopimwa kwa timazi, vinavyoonyesha lipu itaishia wapi. Fundi umeme akivuta kamba kati ya vipande hivyo, anajua uso wa boksi utakaa wapi. Ni kazi ya nusu saa kwa mafundi wawili wanaozungumza. Wasipozungumza, gharama humwangukia mwenye nyumba.

4. MAHALI PA TUNDU

Kabla ya nyundo yoyote kupigwa, pita chumba kwa chumba pamoja na fundi mkiwa na chaki au kipande cha mkaa. Wekeni alama kila mahali patakapokuwa na swichi, soketi na taa. Hesabuni pointi zote na kuziandika, kwa kuwa bei ya kazi hukadiriwa kwa idadi ya pointi. Fikirieni mlango utafunguka upande gani ili swichi isifichwe nyuma yake. Fikirieni kitanda na kabati vitakaa wapi. Tundu linalohamishwa baada ya kukatwa ni majeraha mawili ukutani badala ya moja.

Kwa kawaida swichi huwekwa kwenye urefu wa kati ya mita 1.2 na 1.4 kutoka sakafuni, na soketi kwenye sentimita 30 hadi 45. Kipimo kichukuliwe kutoka sakafu iliyokamilika. Ikiwa sakafu bado ni ya vumbi na saruji itaongezwa baadaye, ongezeko hilo lihesabiwe.

Mahali pafuatapo pasikatwe:
- kwenye linta, wala mara moja chini ya mahali linta inapoegemea ukuta;
- kwenye nguzo ya zege au penye nondo;
- karibu sana na ukingo wa mlango, dirisha au kona, ambako tofali halina mwenzake wa kulishikilia upande mmoja;
- kwenye ukuta ambao tayari una ufa.

Soketi isiwekwe bafuni, wala mahali ambapo mvua inaweza kurushwa na upepo kupitia dirishani.

Bomba lishuke moja kwa moja, wima, hadi kwenye boksi lake. Mshazari unapunguza waya kidogo lakini unahatarisha maisha. Mtu akiona swichi, anaweza kukisia kuwa waya unapita juu yake au chini yake, naye asipigilie msumari hapo. Hakuna awezaye kukisia waya uliopitishwa kimshazari, na msumari wa kutundikia saa au kalenda unaweza kuufikia miaka kumi baadaye. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, nao unatosha kuua.

5. HATUA ZA KUKATA

Nyumba inayofanyiwa wayaringi kwa mara ya kwanza haina umeme bado, hivyo mafundi wengi vijijini hutumia tindo na nyundo, au hukodi jenereta kwa ajili ya grainda. Njia zote mbili zinakubalika zikifuata utaratibu.

Hatua ya kwanza: ukuta uwe umekauka na kushika. Mchanganyiko wa saruji huendelea kupata nguvu kwa takriban siku 28, na ukuta uliojengwa juzi usipigwe nyundo leo.

Hatua ya pili: boksi lenyewe liwekwe ukutani, lisawazishwe kwa pima maji, na mzunguko wake uchorwe. Tundu liwe kubwa kuliko boksi kwa milimita chache tu kila upande. Tundu kubwa kupita kiasi hujazwa saruji nyingi, ambayo husinyaa na kupasuka.

Hatua ya tatu: mipaka ikatwe kwanza, ndani pafuate baadaye. Mwenye grainda akate mistari minne kwa kina kilichokokotolewa. Mwenye tindo aanze kwa kuchora mfuo kwenye mstari kwa mapigo mepesi, akizunguka mara kadhaa, kabla ya kuondoa katikati. Tindo liwe kali na pana, na nyundo iwe ya wastani. Nyundo kubwa ya kuvunjia mawe haifai hata kidogo.

Hatua ya nne: kina kipimwe mara kwa mara. Alama ya rangi au utepe kwenye tindo inatosha kumwonya fundi.

Hatua ya tano: boksi lipachikwe. Vumbi lifagiliwe na tundu liloweshwe maji, kwa kuwa tofali kavu hunyonya maji ya saruji na kuiacha bila nguvu. Boksi likandamizwe kwenye mchanganyiko, lisawazishwe, na liachwe likauke bila kuguswa. Katika matofali dhaifu, skrubu peke yake hazishiki. Boksi lijazwe karatasi ili lipu isiingie ndani.

Hatua ya sita: bomba lifungwe lisicheze, na mfereji ujazwe. Kipande cha wavu wa kuku kikipigiliwa juu ya mfereji kabla ya lipu, hupunguza uwezekano wa kutokea ufa unaofuata njia ya bomba.

Kwa boksi la chuma, mambo mawili ya ziada ni ya lazima. Tundu ambamo waya hupita liwe na pete ya mpira ili ukingo wa chuma usikate ngozi ya waya, na boksi liungwe kwenye waya wa ethi. Boksi la chuma lisilo na ethi linaweza kubeba umeme likisubiri mkono wa mtu.

Vumbi la tofali na saruji huumiza mapafu na macho. Fundi avae miwani na kitambaa au barakoa, na watoto wasiwepo chumbani. Grainda isitumike bila kinga ya diski.

6. NYUMBA ILIYOKWISHA KUPIGWA LIPU, NA UKUTA USIOFAA KUKATWA

Nyumba nyingi za vijijini hupata umeme baada ya lipu, na hata baada ya rangi. Katika hali hiyo hesabu ya kina hubadilika kidogo: lipu ipo tayari, hivyo kina cha kukata ni kina chote cha boksi pamoja na nafasi ya kulipachika, kikipimwa kutoka uso wa lipu. Sehemu inayoingia ndani ya tofali hubaki ileile. Lipu ikatwe kwanza kwa mstari safi ili isibanduke kipande kikubwa. Ikiwa nyumba tayari ina umeme, meni swichi izimwe na fundi athibitishe kwa kipimo kuwa hakuna umeme kabla ya kuanza.

Si kila ukuta unastahili kukatwa. Ukuta wa matofali mabichi, ukuta wa miti na udongo, na ukuta mwembamba wa matofali yaliyojengwa kwa udongo usioshika, yote hayo ni heri yaachwe. Mwenye nyumba hizo hanyimwi umeme. Mabomba na maboksi ya juu ya ukuta, yakifungwa vizuri, ni salama sawa na yaliyozamishwa, na yana faida ya kuonekana na kurekebishwa kwa urahisi. Kwa nyumba ndogo kipo pia kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho hubeba breka, soketi na sehemu ya taa katika ubao mmoja na hakihitaji ukuta kukatwa. Uliza kuhusu njia hizo kabla ya kukubali ukuta wako upigwe tindo kwa ajili ya mwonekano tu.

7. UKAGUZI KABLA YA LIPU

Ukaguzi huu hauhitaji elimu ya umeme. Unahitaji futi, pima maji na macho. Pita kila boksi na ujiulize:

- Je, boksi limenyooka, na halichezi ukilisukuma kwa kidole?
- Je, uso wake utalingana na lipu, kwa kuangalia vipande vya vipimo vya mwashi?
- Je, bomba linashuka wima, na limeingia ndani ya boksi lenyewe badala ya kuishia njiani?
- Je, kuna mfereji wa mlalo? Kama upo, kina chake hakijavuka mpaka?
- Je, kuna tofali lililolegea au ufa mpya karibu na tundu?
- Je, boksi la chuma lina pete ya mpira na waya wa ethi?
- Je, idadi ya pointi ni ile iliyoandikwa katika makubaliano?

Kisha piga picha za kila ukuta kwa simu, futi ikionekana pembeni. Picha hizo ni ramani ya nyaya zako. Zitakusaidia siku utakapotaka kutundika kabati, kubadili dirisha au kumwonyesha fundi mwingine. Asiye na simu ya picha achore mchoro katika daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Lipu isipigwe mpaka kila jibu liwe la kuridhisha. Kurekebisha boksi kabla ya lipu ni kazi ya muda mfupi. Baada ya lipu na rangi, ni kubomoa.

8. NANI AFANYE KAZI, NA HAKI ZAKO

Kukata tofali kunaweza kufanywa na mwashi chini ya maelekezo. Kuweka nyaya, breka, ethi na kuzipima ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Muombe fundi akuonyeshe leseni, soma jina, daraja na tarehe ya mwisho, na uhakikishe kuwa anayesimamia kazi ndiye aliyetajwa. Kuazima muhuri wa mwenye leseni kwa kazi iliyofanywa na mwingine ni udanganyifu unaokuacha bila mtu wa kuwajibika.

Ni vyema pia kufahamu mpaka wa wajibu. Kuanzia nguzo hadi mita ni mfumo wa TANESCO, na kuanzia mita kuingia ndani ni mali na wajibu wa mteja. Ada ya shilingi 27,000 ambayo wateja wa vijijini wamekuwa wakilipa katika miradi ya REA ni ya kuunganishiwa huduma. Haigusi kazi ya ndani ya nyumba. Kwa hiyo fedha za fundi, vifaa na lipu ni za mwenye nyumba, na ni yeye wa kuzilinda.

Andikeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja mbele ya shahidi. Yaonyeshe idadi ya pointi, aina ya maboksi, nani atakata, nani atajaza mifereji, nani atanunua vifaa, na malipo yatatolewa kwa awamu zipi. Sehemu ya malipo ibaki mpaka ukaguzi wa sehemu ya 7 ukamilike, na sehemu nyingine mpaka mfumo upimwe. Katika vifaa, dai breka ya kuzuia mshtuko ya miliampea 30, ambayo hukata umeme mara mkondo unapovuja, kwa mfano msumari unapogusa waya na mtu akaushika. Nunua vifaa vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na utunze risiti.

Kazi ikiwa na kasoro, mwandikie fundi kwanza, ukieleza kasoro na kumpa muda wa kurekebisha, ukiambatisha picha. Asiporekebisha, wasilisha lalamiko EWURA pamoja na makubaliano, risiti na nakala ya leseni yake. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma zinazodhibitiwa na EWURA (EWURA CCC) humsaidia mtumiaji kwa ushauri. Bidhaa bandia ziripotiwe kwa Tume ya Ushindani (FCC). Lalamiko lenye picha zilizopigwa kabla ya lipu lina nguvu, kwa kuwa linaonyesha kilichomo ndani ya ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ukuta wako una unene wa milimita 150. Fundi anataka kukata mfereji wa mlalo wenye kina cha milimita 30. Je, umruhusu?
Jibu: Hapana. Sehemu ya sita ya 150 ni milimita 25. Bomba lishuke wima.

2. Boksi lina kina cha milimita 47, lipu itakuwa milimita 15, na nafasi ya kupachikia ni milimita 5. Tundu liwe na kina gani, na je, linafaa kwa ukuta wa milimita 112?
Jibu: 47 - 15 + 5 = milimita 37. Limefika kwenye mpaka wenyewe, halina ziada yoyote. Chagua ukuta mnene zaidi, au boksi la juu ya ukuta.

3. Mwashi yupo tayari kupiga lipu leo, lakini fundi umeme hajamaliza kupachika maboksi mawili. Ufanye nini?
Jibu: Lipu ya chumba hicho isubiri. Mwashi aendelee na chumba kilichokwisha kukaguliwa.

4. Unataka kutundika saa ukutani, juu ya swichi. Je, ni sahihi?
Jibu: Hapana. Waya hushuka wima hadi kwenye swichi. Tazama picha zako, kisha chagua mahali pasipo juu wala chini ya swichi au soketi yoyote.